Supavaiza kaniambia nichore ramani ya tafiti za biashara ndogo Tanzania, naanzia wapi wakuu?

BintiMpunguzi

Mbukwenyi wakuu, naombeni msaada wenu nimekwama na siku zinaenda. Nasoma masta ya biashara hapa Dodoma, niko kwenye propozo. Wazo langu la mwanzo lilikuwa niende fildi nikahoji wakulima na wachuuzi wa zabibu wa kwetu Mpunguzi, supavaiza akasema sawa hamna shida, ila kabla sijaenda kokote nimletee kwanza picha nzima ya tafiti za biashara ndogo Tanzania kwa miaka 20, yani nani kaandika, kaandika nini, mada ipi imepanda na ipi watu wameiacha, na hiyo picha niitoe kwa bibliometriki. Nikamuuliza ndo nini hiyo, akanitajia VOSviewer, programu ya kuchora ramani za machapisho, akasema kaanze, utaelewa mbele ya safari.

Basi nikaanza. Scopus, ile hifadhi kubwa ya taarifa za makala, nyumbani haifunguki, inataka akaunti ya taasisi, kwaiyo nikatafuta Google Scholar kupitia ile programu ya Publish or Perish, ikaniletea makala elfu moja ikagoma kuendelea, nikazipakia VOSviewer ikachora. Picha inavutia, viduara vya rangi na nyuzi zinaenda huku na huku, nikajua kazi imeisha. Nilipokaa kuitazama vizuri ndo nikaona neno kubwa kuliko yote ni "Tanzania", linalofuata "study", halafu "case", halafu "effect". Zabibu haipo hata kinukta. Nikampelekea hivyohivyo, akaitazama kimya, halafu akaniuliza, hii picha inaniambia nini ambacho nilikuwa sikijui? Sikuwa na jibu wakuu, nikaaga nikatoka.

Sasa naomba mtu anieleweshe kama anamfundisha mdogo wake, data nzuri naipata wapi bila kulipia, naisafishaje, na hizi aina za ramani VOSviewer inazoniuliza nichague ipi maana data ileile kila nikibadilisha inatoa picha nyingine kabisa? Na je huu ni utafiti kweli wa kunipitisha kwenye paneli au wataniambia nimehesabu makaratasi? Kinachonisukuma mimi ni baba, analima zabibu tangu sijazaliwa, kwetu tunavuna mara 2 kwa mwaka na kila msimu naona mzigo ukiiva wote kwa mpigo bei inaporomoka, nilitaka kujua kama kuna msomi yeyote ameshakaa akaiandika hiyo biashara vizuri au ndo nitakuwa wa kwanza.

Mkutubi_Dom

Pole binti yangu, na una bahati ya msimamizi, swali alilokuuliza ndilo kazi yenyewe. Mimi niko maktaba, kazi za namna hii zinapita mezani kwangu karibu kila wiki, ngoja nikupe nilichonacho.

Kilichokukwamisha hakiko kwenye VOSviewer, kiko kwenye data. Google Scholar kwa swali moja haikupi matokeo zaidi ya 1,000 hata kama yako mengi mno, na hayo inayokupa hayaji na orodha ya marejeo ya kila makala wala yale maneno muhimu ambayo mwandishi huyaweka chini ya ikisiri. Programu ikabaki na vichwa vya makala tu, na vichwa vyetu unavijua, kingi kimeandikwa "a case of" mahali fulani, ndo ikakuchorea hayo uliyoyaona.

Ujue kwa nini marejeo yana uzito hivyo. Kuhesabu maandishi, ndo bibliometriki yenyewe, ni jambo la zamani. Alfred Lotka mwaka 1926 alionyesha waandishi wengi huandika mara moja wakaishia hapo, wanaorudi tena na tena ni wachache. Mwaka 1934 Samuel Bradford, mkutubi mwenzetu wa London, akaona kwamba makala za mada moja hazisambai sawasawa: ukizigawa mafungu 3 yanayolingana, fungu la kwanza utalikuta kwenye majarida machache tu, la pili linahitaji majarida mengi zaidi, na la tatu utalifuata kwenye majarida lukuki kila moja lina makala moja au mbili. Hiyo ya Bradford ikae kichwani mwako wakati wote, maana anayetafuta biashara ya Tanzania kwenye majarida makubwa peke yake anapata fungu la kwanza halafu anaandika kana kwamba amemaliza yote. Ila hadi hapo ilikuwa ni idadi. Aliyegeuza mambo ni Mmarekani Eugene Garfield, mwaka 1955 alipendekeza iwepo faharasa inayoonyesha nani kamrejea nani, na 1964 ikatoka Science Citation Index. Ndipo makala moja ikawa na uzi unaoifunga kwa nyingine, na ramani nyingi mnazochora leo zinatoka kwenye uzi huo. Hata jina bibliometriki lilikuja baadaye, Alan Pritchard alilileta 1969.

Sasa pa kupata data. Anza na OpenAlex, ilifunguliwa Januari 2022 baada ya Microsoft kufunga hifadhi yake ya machapisho mwishoni mwa 2021, jina wamelichukua kwenye ile maktaba ya kale ya Aleksandria, haina malipo na ina marejeo ndani. Matoleo mapya ya VOSviewer yanavuta data kutoka huko moja kwa moja. Pia kuna Lens ya Australia na Dimensions, zote zina sehemu ya bure. Ukitaka Scopus au Web of Science usihangaike nyumbani, njoo na laptop maktaba ya chuo chako uulize wamelipia nini, na uulize pia habari ya Research4Life, ule mpango unaofungulia majarida taasisi za nchi kama yetu, wanafunzi wengi wanamaliza hawajawahi kuusikia. AJOL, ile hifadhi ya mtandaoni ya majarida ya Afrika, nayo ipite kwa mkono, ilianza 1998, sasa iko Afrika Kusini na ina majarida yetu mengi ambayo huko kwenye hifadhi kubwa hayaonekani, ila yenyewe haikupi mtandao wa marejeo kwaiyo itakusaidia kusoma, kuchora hapana.

Na kuna jambo moja wanafunzi wanalichanganya kila siku. Kutafuta makala za watu walioko Tanzania na kutafuta makala zinazoihusu Tanzania ni vitu viwili. Mhadhiri wa hapa Dodoma anaweza kuandika juu ya Kenya, na profesa aliyeko Uholanzi akaandika juu ya Majengo sokoni. Amua unataka lipi kabla hujabonyeza kitufe na uliandike kwenye sura ya mbinu, bila hivyo paneli wataanzia hapo.

DaktariMtarajiwa

Dada Mpunguzi mimi nimetoka humohumo mwaka jana, naongezea kwa mzee wetu Mkutubi hapo juu, nitaongea marefu kidogo univumilie.

Hizo ramani zinazokuchanganya, chukulia mfano wa soko la Majengo. Makala ni mama lishe, marejeo yake ni maduka anayonunua mchele, mafuta, nyanya. Ukiwakuta mama lishe wawili wananunua kwenye maduka yaleyale unajua vyakula vyao vinafanana hata kama hawajawahi kuonana, hiyo ndo inaitwa bibliographic coupling, Kessler aliileta 1963. Sasa geuza, badala ya kuwatazama mama lishe tazama maduka, ukikuta maduka mawili ambayo kila mama lishe akienda hili anapita na lile, basi hayo maduka yana uhusiano, hiyo ni co-citation, ya Henry Small 1973, na mwaka huohuo Irina Marshakova kule Urusi ya wakati huo akaifikia kivyake. Tofauti yake kwenye kazi yako ni hii: mama lishe akishanunua kashanunua, marejeo ya makala hayabadiliki ikishachapishwa, kwaiyo coupling inakuonyesha watu wanaoandika sasaivi wamejigawa vipi hata kama makala ni ya mwezi uliopita. Ila maduka yanapata umaarufu taratibu, kwaiyo co-citation inakuonyesha misingi, vile vitabu na makala za zamani ambazo kila mtu anaziegemea, makala mpya humo haionekani kabisa. Supavaiza wako kakuambia mada ipi inapanda, we coupling inakuhusu zaidi pamoja na ile ya maneno, co-occurrence, inayoangalia maneno gani yanatajwa pamoja kwenye makala moja, kina Michel Callon wa Ufaransa ndo waliianzisha miaka ya 80. Ndo maana picha zinatofautiana dada, kila moja inajibu swali lake, na we ulikuwa huna swali.

Usafishaji sasa, hapa ndo kazi ilipo na ndo watu wanakimbia. Mimi nilitumia wiki 3 kwenye Excel. Mtu mmoja anaandika SMEs, mwingine SME, mwingine MSMEs, mwingine small business, mwingine small and medium enterprises yote kwa urefu, mwingine kaweka kistari katikati, programu inaona ni vitu sita tofauti na inavigawa kwenye viduara sita vidogovidogo wakati ni kitu kimoja. VOSviewer inakuruhusu uitengenezee faili la maneno, ni faili la kawaida la maandishi lina safu mbili, ya kwanza juu unaandika label ya pili unaandika replace by, huku unaweka neno lilivyo kule unaweka unavyotaka lisomeke, na neno usilolitaka kabisa kama hayo "study" na "case" yako unaacha upande wa pili wazi linaondoka. Ila usiunganishe kwa pupa. Mimi niliunganisha mobile money (pesa za simu) na fintech (teknolojia ya fedha) nikaona ni kitu kimoja, msomaji wangu wa nje akanirudisha maana fintech ni pana na watu walianza kuitumia baadaye, nikawa nimeifuta ile hatua ya katikati ambayo ndo nilikuwa naitafuta. Kila neno unalounganisha liandike pembeni na sababu yake.

Majina ya watu ndo balaa lingine. Massawe na Masawe, mtu ana majina matatu leo anaandika mawili kesho anaandika yote, na ukoo mmoja una watu mia. Ukisema nani kaandika zaidi Tanzania bila kukagua majina kwa mkono unampa mtu kazi za mwenzake. Vyuo hivyohivyo, UDOM na University of Dodoma na The University of Dodoma vinakaa kama vyuo vitatu. OpenAlex nayo ni nzuri ila maneno na mada zake nyingi zimebandikwa na mashine, mwandishi hakuyachagua, nilikuta makala ya ushirika imepangwa kwenye mambo ya dini, kwaiyo chukua makala 50 hivi bila kuchagua ukazisome ikisiri zake ulinganishe.

Halafu kuna ile ramani ya rangi za miaka, bluu zamani njano mpya, kila mtu anaipenda na imewaponza wengi. Ile rangi ni wastani wa mwaka. Neno lililotumika sana 2006 likalala likaamka 2024 litakuja na rangi ya 2015, utaandika kwamba lilivuma 2015 na wakati huo lilikuwa limelala. Ukiona neno linakuvutia rudi kwenye Excel ulihesabu mwaka kwa mwaka. Njia ya kujipima ni kutumia kitu unachokijua, mfano M-Pesa imeingia Tanzania 2008, ukiona makala ya pesa za simu Tanzania imekaa 2004 kwenye data yako ujue tarehe imekosewa au imeingia makala isiyohusika. Na usiandike mada fulani imekua kwa kuangalia idadi tu, machapisho yote duniani yameongezeka, karibu kila neno litaonekana limekua, gawanya kwa makala zote za mwaka huo uone fungu lake limepanda au limeshuka. Mwaka wa mwisho utakuta grafu imeanguka, usishtuke wala usiandike kwamba watu wameacha kuandika, makala zinachelewa kuingia kwenye hifadhi.

Kuhusu paneli, watakupitisha kama una swali. Kuna makala ya Zupic na Čater ya 2015 imewaandikia watu wa menejimenti hatua kwa hatua, na ya Donthu na wenzake ya 2021, soma hizo mbili kabla hujagusa kompyuta tena. Ukipenda R, ile lugha ya kompyuta ya takwimu, kuna bibliometrix ya Waitaliano Aria na Cuccurullo, 2017, ina kidirisha kinaitwa biblioshiny ambacho huhitaji kuandika kodi.

MnafakaKibaigwa

Nimesoma yote kwa makini na nawaheshimu waliochangia ila nina neno la kumwambia huyu mdogo wangu. Mimi nilimaliza masta ya biashara miaka mingi, sasa niko kwenye nafaka hapa Kibaigwa, mahindi na alizeti kidogo za Singida. Tasnifu yangu niliandika juu ya wafanyabiashara wa mahindi, nilikaa sokoni miezi 5 nikihesabu magunia na kuongea na madalali, mpaka leo iko kwenye rafu ya chuo haijawahi kuchapishwa kwenye jarida lolote maana sikuwa na hela ya kuchapisha wala mtu wa kuniambia nichapishe wapi. Kwenye hiyo ramani yenu mimi sipo. Na niko na wenzangu wengi, vyuo vyote hivi vinatoa tasnifu kila mwaka, ripoti za halmashauri, ripoti za vyama vya ushirika, za watu wa kilimo pale Makutupora walioshughulika na zabibu miaka yote, vingine vimeandikwa kwa Kiswahili na havina maneno muhimu ya Kiingereza. Sasa binti atachora, ataona peupe, ataandika kwenye propozo kwamba hakuna aliyewahi kutafiti biashara ya zabibu, na hiyo itakuwa si kweli na itamuumiza aliyetafiti.

Mimi inaniuma kwa sababu nimeshaona kijana amekuja hapa sokoni na dodoso lake akaniambia kaka mada hii haijaguswa, nikamwambia njoo nikupe nakala yangu, akapigwa na butwaa. Namshauri huyu binti amwombe msimamizi wake aende Mpunguzi moja kwa moja, hela ya bando na muda wa Excel aweke kwenye nauli, akaongee na baba yake na wanunuzi, huko ndo kuna kitu ambacho hakijulikani.

DaktariMtarajiwa

Kaka Mnafaka umesema kweli na hilo la tasnifu limenigusa, sitalipinga. Hata wenyewe waliobobea huko wamelisema, mwaka 2015 lilitoka tamko la Leiden, na Leiden ndo hukohuko VOSviewer ilikotoka kwa van Eck na Waltman, lina kanuni 10 na mojawapo inasema tafiti bora zinazohusu mahali husika zilindwe, maana hizi hifadhi zimeegemea Kiingereza na majarida ya nje. Kabla yake 2012 kulikuwa na tamko la San Francisco lililokataa mtu kupimwa kwa umaarufu wa jarida alilochapisha. Kwaiyo mtu akichukua ramani akasema fulani hana maana kwa sababu hajarejewa, huyo anaitumia vibaya.

Lakini siwezi kukubali kwamba aende tu. Wewe kaka ulikaa miezi 5 sokoni, je ulijua wakati ule kuna mtu Morogoro au Arusha alikuwa anauliza maswali yaleyale? Mimi nilipochora ya kwangu nikaona lundo la makala linazunguka swali moja, mikopo inasaidia biashara ndogo au haisaidii, kila mtu kabadilisha wilaya tu, Ilala, Temeke, Moshi, Mbeya, dodoso linafanana mpaka maneno. Nilikuwa nimejiandaa kwenda kufanya hilohilo Chamwino! Bila ramani ningewasumbua wakina mama wa VICOBA wa kule kwa maswali ambayo yameshajibiwa na wakina mama wa mikoa mingine. Muda wa yule mama nao una thamani. Ndo maana nasema aanze na ramani, kisha aende.

Na nilichotaka kumwambia dada ni kwamba zabibu hutaiona kwa njia hii hata ufanyeje, makala zake ni chache mno, ramani inahitaji makala mamia. Chora ya biashara ndogo kwa ujumla, halafu za zabibu zitafute zote uzisome moja moja kwa macho yako kama mapitio ya kawaida, na hapo ndo unamwingiza kaka Mnafaka na rafu zake.

Mkutubi_Dom

Mnafaka, nakuomba utuletee nakala ya tasnifu yako. Vyuo vingi sasa vina hifadhi za mtandaoni, kazi ikiingizwa humo na taarifa zake zikajazwa vizuri, yaani kichwa, ikisiri, mwaka, maneno muhimu, inaanza kupatikana kwa anayetafuta. Zilizobaki rafuni ni nyingi kwa sababu za zamani hazikuwahi kuskaniwa. Na ukija weka ikisiri ya Kiswahili na ya Kiingereza zote mbili.

BintiMpunguzi

Wakuu nimerudi, samahani nimekaa kimya wiki 3, nilikuwa nafanya mlichoniambia na nyumbani umeme ulitusumbua kidogo. Sijui hata niwashukuru vipi, Mungu awabariki sana.

Nilianza na swali. Nilikaa na supavaiza tukakubaliana niulize hivi, watafiti wa biashara ndogo Tanzania wameangalia hatua gani za biashara, mtaji, uzalishaji, usindikaji au soko, na hilo limebadilikaje tangu pesa za simu ziingie. Swali likishakuwepo hata VOSviewer nikawa siiogopi. Nikavuta OpenAlex mara mbili kama Mkutubi alivyosema, mara ya kwanza waandishi wenye anuani ya Tanzania, mara ya pili makala zinazoitaja Tanzania kwenye kichwa au ikisiri, nikaziweka pembeni na kulinganisha, zinapishana kuliko nilivyodhani! Nimechagua zinazoitaja, na nimeandika sababu. Maneno niliyasafisha siku 11, faili la label na replace by limekuwa refu ila nimeliweka kama kiambatisho. Makala 50 nilizisoma ikisiri, kweli nilikuta zilizopangwa sipo, moja ya utalii ilikuwa kwenye kundi la afya.

Ramani yangu sasa ina makundi yanayoeleweka, kuna la mikopo midogo na SACCOS na VICOBA, kuna la pesa za simu, la wanawake na ujasiriamali, na la kodi na urasimishaji. Mtaji umejaa. Soko na usindikaji vipo pembeni vimeshikiliwa na nyuzi nyembamba. Na kwenye zabibu, kile kiwango cha chini, kwamba neno litokee angalau mara 5 ndo lichorwe, ndo kilikuwa kinaifuta, nikashusha hadi 2 ikatokea. Lakini ilikotokea ndo kulinishangaza, haikukaa karibu na neno lolote la biashara, ilikaa na magonjwa ya mimea na aina za mbegu na udongo. Nikatafuta zote nilizoweza, nyingine AJOL, nikazisoma zote. Kwenye hizo nilizopata mzabibu umeandikwa vizuri sana kama mmea, ila yule mtu anayesimama na tenga barabarani jua kali akisubiri gari lisimame, yule hayumo, bei ya siku mzigo umejaa haimo, nani anaamua hiyo bei haimo.

Nilipompelekea supavaiza aliniuliza tena lilelile swali, safari hii nikamjibu. Akanyamaza kidogo akasema sasa nenda Mpunguzi.

Ila kaka Mnafaka neno lako limenikaa, sitaandika hakuna aliyetafiti. Nimeandika "katika machapisho yaliyomo kwenye hifadhi hii", na nataka kabla ya kwenda fildi nipite rafu za tasnifu za vyuo vya hapa mjini, UDOM, Mipango, CBE na St. John's, nione waliowahi kuandika zabibu au soko la mazao. Sasa Mkutubi mzee wangu, mwanafunzi wa chuo kimoja anaruhusiwa kuingia maktaba ya chuo kingine kusoma tasnifu? Na nikizipata naziingizaje kwenye kazi wakati hazina marejeo ya kuvuta kwa kompyuta?

MnafakaKibaigwa

Mdogo wangu umenifurahisha sana leo. Hapo kwenye nani anaamua bei ndo penyewe, usipaachie, na madalali uwahoji asubuhi mapema kabla gari hazijaja maana baadaye hawana muda na mtu. Tasnifu yangu nimeitafuta ndani nimeipata, mchwa walikula jalada ila kurasa zote zipo. Ya mahindi lakini sura ya nne nimeandika jinsi bei inavyoanguka wiki mbili za mwanzo wa mavuno na nani anafaidi, inaweza kukufaa. Nikija Dodoma mjini wiki ijayo nitaipitisha kwa Mkutubi.

Mkutubi_Dom

Binti, kuingia chukua barua ya utambulisho kutoka idara yako na kitambulisho, sehemu nyingi hiyo inatosha, utasomea humohumo ndani hutaazimishwa. Na usijaribu kuzilazimisha kwenye ramani. Tengeneza jedwali lako la pembeni, mwaka, chuo, bidhaa, wilaya, swali kuu, ameangalia hatua gani kati ya zile nne zako. Ukurasa wa marejeo upige picha kwa simu, kuna siku utataka kujua nao walikuwa wananunua duka gani.

Mnafaka ukifika niulizie pale mapokezi. Jumatatu hadi Alhamisi nipo mpaka saa 10 jioni, skana imetengenezwa juzi inafanya kazi vizuri. Binti nawe njoo na flashi siku hiyohiyo, ukishamaliza kuiskani sura ya nne utaondoka nayo.